Gawa Dossier Yetu Yote

Mtandao ule niliufunga nyumbani kwetu ili mume wangu asiondoke. Watu waliponiuliza kwa nini nahangaika na nyaya wakati nusu ya mtaa inafunga mizigo, niliwajibu habari za sauti safi na kazi ya haraka. Si uongo, hayo nayo yalikuwemo. Lakini sababu ilikuwa yeye.

Studio yetu iko nyumbani, mtaa wa Nyalukemba, kwenye chumba cha nyuma tulichokuwa tukihifadhia makaa. Ukutani tumegandisha sponji za magodoro yaliyochoka, na mlangoni tumening'iniza blanketi mbili. Mimi ndiye ninayerekodi. Mume wangu hukaa sebuleni kwenye kompyuta kubwa, akizichanganya sauti na kuzing'arisha. Kompyuta hiyo haiwezi kukaa studio kwa sababu inakoroma, na ukoromo wake unaingia kwenye kila wimbo. Basi kazi zilikuwa zikisafiri kwa clé, kile kidude cha kuchomeka, kutoka laptop yangu mpaka kwake na kurudi. Siku moja clé ikala virusi, ikatumezea zaburi nzima ya kwaya, na akina mama wakalazimika kurudi kuiimba upya. Walirudi wamenuna, na waliimba wamenuna.

Yeye ni mtu wa Uvira, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara ambao Kiswahili chao kimenyooka kuliko chetu. Mimi ni Mkatoliki, Mushi kwa kabila, wa hapa hapa, na mama yangu yuko Kalehe na hataki kusikia habari ya kuhama. Tangu vita iingie mjini, mama mkwe na mashemeji walikuwa wamevuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Kila jioni simu ilikuwa inalia: mnangoja nini huko? Mume wangu hakuwahi kuniambia twende, wala hakuwahi kuwaambia haji. Alisema, "Tutaona." Nalichukia neno hilo mpaka leo. Mtu akisema tutaona, ujue yeye ameshaona, ni wewe tu ambaye bado hujaonyeshwa.

Halafu kwaya moja ikaomba kurekodi misa nzima, wimbo kwa wimbo. Nikajiambia, kazi hii ikienda vizuri nyingine zitakuja, na mwanamume mwenye kazi mikononi haangalii barabara. Nilikuwa naogopa, na uoga wangu huwa unajigeuza kuwa kazi.

Nikatafuta waya mrefu, vichwa vyake na suichi ndogo ya milango michache, ya kuunganisha kompyuta zetu mbili. Nilitoboa ukuta karibu na plafond, ile dari, nikaupitisha waya juu ya korido, nikaushusha nyuma ya kabati la vyombo. Jirani alisikia nyundo akaja mbio, akidhani tumepata intaneti.

"Maman, mulipata connexion? Mutupatie code na siye."

"Hakuna connexion, dada. Ni ya ndani tu. Haitoki hata mu mlango."

Alienda zake akiamini nina roho mbaya. Ungemwelezaje mtu kwamba umetoboa nyumba yako ili vyumba viwili visemezane, na dunia nzima ibaki nje?

Kichwa cha kwanza nilikifunga vibaya. Nyaya ndogo za ndani zina mpangilio wa rangi, na mimi nilibadilisha kijani na bluu. Nikakata, nikaanza tena. Kila mashine nikaipa anwani yake, kama nyumba mbili za avenue moja. Halafu tukaanza kupiga kelele, mimi studio, yeye sebuleni.

"Iko najibu?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Bado, mama!"

"Angalia muzuri, papa, usiangalie kama mugeni!"

Akacheka. Nilimsikia kupitia blanketi zote mbili. Tulikuwa tumekaa muda mrefu nyumba ile bila kupigiana kelele za namna hiyo. Nakiri kwamba nilichelewesha kidogo kichwa cha mwisho, ili tu aendelee kuniita.

Mwishowe akasema inajibu. Dossier, yaani folda, ya laptop yangu niliyokuwa nimeifungua kwa majaribio ikatokea kwenye kioo chake, akashangaa kweli. Ilikuwa saa ya kumchukua mtoto wetu shuleni. Kazi zote za miaka yetu zilikuwa bado zimejifungia kwenye kompyuta kubwa, na kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu, kuzifungulia njia kwa amri ambayo kwenye mashine zetu za Kifaransa imeandikwa partager. Nikiwa mlangoni, nafunga kitambaa kichwani, nikamwambia:

"Sasa gawa dossier yetu yote, kila mashine ipate."

Akaniangalia. "Yote?"

"Yote. Kwa nini tuikawize?"

"Sawa," akasema. Alisema taratibu sana, nami nikadhani ni uchovu.

Niliporudi na mtoto, yeye alikuwa jikoni anachemsha chai, jambo ambalo halitokei. Alinipa pole ya safari. Alikuwa na uso mwepesi, uso wa zamani. Nikaona, kumbe dawa ilikuwa waya tu! Nikaenda studio kwa furaha, nikaangalia laptop.

Kazi zilikuwemo, lakini si zote. Zilikuwemo kwaya, nyimbo za harusi nilizorekodi Kalehe, sauti ya mama yangu akisimulia. Nyimbo za Uvira hazikuwemo, wala ngoma zake wala magitaa yake. Nikakimbilia sebuleni. Kwenye kompyuta kubwa kulikuwa na vya kwake peke yake. Vyangu vilikuwa vimehama.

"Papa, ulifanya nini?"

"Si umeniambia nigawe? Nimegawa."

"Nilisema partager!"

"Ndiyo. Partager ni kugawa."

"Partager ya mashine! Kusudi tutumie bote!"

Kwetu tulizaliwa wasichana wengi, na maman alikuwa akitwambia tugawe blanketi; tuligawa kwa kulala chini yake sote, na hakuna aliyeondoka na kipande. Kwao, kugawa ni siku ambayo mtu amefariki: vitu vinatolewa nje, vinapangwa juu ya mkeka, kila mtu anachukua fungu lake na anakwenda. Neno ni lile lile. Mimi nilikuwa nimetamka la kwetu, naye akasikia la kwao.

Ningecheka. Kichekesho kilikuwepo, na hata yeye alianza kutabasamu. Lakini nilikuwa nimeangalia jinsi alivyogawa. Hakuacha kitu katikati, wala hakunipigia simu kuuliza hiki kiende wapi. Muda wa kwenda shuleni na kurudi ulimtosha.

"Na ya mutoto?" nikauliza. "Iko wapi?"

Ile dossier alikuwa ameijaza yeye mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akimfuata binti yetu na maikrofoni nyumba nzima, akamnasa anasoma Alhamdu aliyofundishwa na bibi wa Uvira na kuingiza Salamu Maria katikati.

"Ya mtoto iko kwako, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo hukutaka tugawane?"

Nilitafuta usoni mwake afueni ya mtu aliyesikia vibaya. Haikuwemo. Ule wepesi niliouona jikoni ulikuwa umeondoka, na hapo nikaelewa ulikuwa umetoka wapi. Mchana ule wote alidhani nimempa ruhusa ya kuondoka.

Akakaa kwenye kiti akaanza kurudisha kila kitu mahali pake. Waya wangu ulifanya kazi vizuri sana. Vitu vilipita ukutani haraka kuliko chai ilivyopoa. Ilipobaki dossier ya mtoto peke yake, akageuka.

"Na hii niirudishe huku?"

Nilimwambia aiache kwanza. Nilitaka aniombe mwenyewe irudi kwake.

Akasema sawa, akazima kompyuta.