Chuma cha Vitumbua Kwenye Ngao Yetu

Mnisamehe mwandiko wangu, na herufi nikizikosea. Niliishia shule ya msingi, na naandika polepole kama mtu anayechambua mchele.

Juzi nilipita mtaa wa Bertrams, huku kusini mwa Afrika, kwenye nyumba tuliyopanga chumba mimi na bibi. Kibaraza alichokuwa akipikia vitumbua kimezibwa kwa matofali. Nikasimama pale kama mgeni.

Enzi zile harufu ya iliki ndiyo iliyoniamsha. Bibi alikuja na chuma chake kutoka Tanga, kizito, cheusi, chenye mashimo saba. Kilikuwa cha mama yake, na kabla yake cha bibi yake. Uji wa mchele ukigusa mafuta, chwaa! jirani yetu Mkongo keshatokea na sahani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvigeuza kwa kijiti.

Mwaka wangu wa mwisho shuleni, mwalimu alituambia tuchore ngao ya ukoo, nembo ya kumwonyesha mgeni ninyi ni watu gani. Nikamuuliza bibi. Hakufikiri hata kidogo.

"Chora chuma. Ndicho kilichotulea wote."

Siku ile kila mteja aliambiwa kwamba chuma cha bibi kinakwenda shule.

Nilikichora vizuri. Lakini wenzangu walikuwa na simba, tai na mikuki. Mmoja akachungulia karatasi yangu. "Eish, mashimo gani haya? Kwao ni robot! Simama! Nenda!" Huku kwetu robot ni taa za barabarani. Darasa zima likacheka. Mimi ni mtu wa haya. Nikachukua kifutio, nikafuta, nikachora simba palepale.

Siku ya wazazi bibi alivaa baibui lake jipya. Alipita ukutani akitazama ngao moja moja, anatafuta chuma chake. Mimi nimejibanza nyuma ya mlango. Jina langu alijua kulisoma, basi akafika, akasimama. Sikuwa nimefuta vizuri. Yale maduara saba yalionekana tumboni mwa simba. Akayagusa kwa kidole, kisha akageuka kunitafuta.

"Mke mwenzangu," akaniita, kama bibi zetu wanavyotutania wajukuu wa kike, "simba huyu amekula nini?"

Nilingoja aniambie mwacha asili ni mtumwa, maana methali hiyo haikumkauka mdomoni. Hakuisema. Asubuhi yake alinipa kitumbua cha kwanza kama kawaida, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Bibi alirudi Tanga, akazikwa huko. Chuma sijui kiko kwa nani. Vitumbua vya mtaa wa Mayfair nanunua, ni vitamu, ila havina mkono wake. Siku hizi jibu la swali lake la simba ninalo, lakini wa kumpa hayupo.

Kama bibi yako yu hai, muulize ngao yenu iwe na nini, umchoree, wala usifute. Kisha niandikie alichokuambia. Hata mstari mmoja, nitausoma.