Msuko Mmoja wa Nyuma

Binti yangu alipokuwa na miaka tisa, niliwaonea wivu kina mama wote wa mtaa wetu wa Shella, Malindi. Watoto wao walijua kuamkia. Wangu alipita mbele ya wazee kimya, macho ukutani, na mtu akimkumbatia hupiga ukelele. Daktari alikuwa ametueleza kwamba ana Asperger, aina ya usonji, si mtovu wa adabu. Lakini barazani daktari hayupo. Watu huuliza, "Mtoto wa nani huyu asiyeamkia?" nami nipo papo hapo.

Asubuhi ya Idi, wajukuu walikuwa wakimbusu mkono mama mkwe wangu mmoja mmoja. Zamu ya wangu ilipofika, akarudi nyuma. "Bibi, mkono wako unanuka vitunguu." Alisema kweli tu, bibi alikuwa jikoni tangu alfajiri. Wengine wakacheka, wengine wakanitazama mimi. Binti wa wifi yangu, rika lake, akaubusu mkono huo huo kwa tabasamu. Roho iliniuma hata biriani nikaiacha sahanini.

Lakini wivu ule si kitu mbele ya ulioniingia mdogo wangu alipohamia kwetu kutoka Mnarani, baada ya kupata kazi ya kushona hapa Malindi. Kumsuka binti yangu kulikuwa vita. Nikishika chanuo, anaingia mvunguni mwa kitanda, na siku moja aliniuma mkono. Sasa nikarudi kutoka sokoni nikamkuta mkekani, katikati ya magoti ya mama yake mdogo, ametulia tuli, akimweleza kwamba pweza ana mioyo mitatu. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa.

Ilinipasa kufurahi. Badala yake nikasema, "Utamuumiza. Hujazaa wewe, utajuaje kichwa cha mtoto?"

Mdogo wangu akainamisha uso. Aliyejibu ni binti yangu, bila kugeuka.

"Haniumizi. Huniambia kabla hajanigusa."

Nikaenda jikoni nikakuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Jioni mdogo wangu akanifuata. "Dada, si kwamba ananipenda mimi zaidi. Namwambia tu: sasa nashika sikio, sasa nachora njia, sasa navuta. Basi."

"Nani alikufundisha?"

"Nilimwuliza mwenyewe."

Kumwuliza! Mimi nilikuwa nimewauliza madaktari, walimu, hata mashekhe.

Siku ya kusuka ilipofika tena, nikamwomba binti yangu, "Naweza kukusuka leo?"

"La. Mama mdogo."

"Basi nikae hapa nitazame?"

"Unaweza kushika mafuta."

Nikakaa na kichupa cha mafuta ya nazi kama mgeni nyumbani kwangu, nikitazama vidole vya mdogo wangu vikienda mahali ambapo vyangu vilikatazwa. Nilishika mafuta hivyo wiki nyingi, mpaka siku moja akaniambia nisuke msuko mmoja, wa nyuma.

"Sasa nashika," nikasema. "Sasa navuta."

Nilipomaliza, akaupapasa. "Umepinda. Lakini haukuuma."

Hakuufumua. Mingine yote ilikuwa ya mdogo wangu, na moyo bado ulinichoma nilipomwona akirudi kuketi kati ya magoti yake.