Mkono Mkavu

Jumamosi, katika hoteli moja ya Litein, mama wa meza ya jirani alikuwa amemshika mkono kijana aliyekuja kumposa binti yake. Salamu zilikuwa zimeisha, lakini mkono hakuuachilia. Kidole gumba chake kilitulia pale mshipa unapodunda.

"Ukikasirika, wewe unapika?" akamuuliza.

Alimaanisha kupiga. Sisi Wakipsigis, ulimi wetu hauoni tofauti kubwa kati ya K na G. Kijana, mtu wa Kakamega, hakujua hayo.

"Ndiyo, mama. Hata nisipokasirika."

Binti akafunika uso kwa leso. Mama akapapasa kiganja cha kijana. Kilikuwa kikavu.

"Mungu wangu, na hata hatetemeki! Unapikanga na nini?"

"Vitunguu na mafuta kidogo tu, mama."

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika.

Mashine ya kugundua uongo hupima mapigo ya moyo, pumzi na jasho. Mama huyu aliyasoma yote kwa mkono mmoja na macho mawili, na mwili wa kijana ulisema kweli tupu. Ila mashine ingeishia hapo, na kijana angerudi Kakamega bila mke. Mama aliuliza swali moja zaidi: na nini?