Nta ya Baba kwenye Tangi la Lori

Magome ya miwati yaliyolowa, na juu yake moshi wa dizeli. Nikizisikia harufu hizo mbili pamoja, popote nilipo, narudi Njombe ya enzi za Mwingereza, wakati wa kipupwe, ukungu umelala barabarani na hauna haraka ya kuamka. Msimu huo kaka yangu Obedi aligombana na baba. Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo, ng'ombe kuingia kwenye ngano ya jirani, lakini baba alikuwa mtu wa hasira za karibu, na mbele yetu sote alimwambia, "Toka kwangu. Hata nikifa usinizike." Obedi akachukua blanketi lake, akaenda kujiandikisha kwa mkusanya manamba aliyepeleka vijana kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Hasira hasara, na methali hiyo baba ndiye aliyekuwa hodari wa kuwahubiria wenzake.

Siku chache baadaye baba hakuweza tena kumeza ugali. Tulisikia vijana wamekusanywa Makambako, wataondoka kwa lori mchana. Kwetu neno zito la mzazi halitenguliwi kwa kutuma mtu. Aliyelitamka ndiye anayeliondoa, uso kwa uso. Mama akaniambia niandamane na baba, maana alijua Obedi akimwona peke yake atakimbia, ila mimi hawezi kunikimbia. Tukapanda lori la Kiswaga, dereva aliyekuwa akibeba magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi, kwenda Makambako. Lilikuwa lori kuukuu lenye injini ya dizeli, na kifuniko cha tangi lake kilikuwa kimeanguka njiani wiki ile. Kiswaga aliogopa umande usiingie kwenye dizeli. Baba, mtu wa mizinga ya nyuki, alikuwa amemchongea kizibo cha mti, akakivisha mpira wa tyubu na kukizungushia nta, kama tulivyoziba mitungi ya asali. "Hapo hata ukungu haupiti," alisema, na alijisifu kwa kazi hiyo tangu nyumbani hadi tulipouacha mji.

Mlima wa kwanza tuliupanda vizuri. Wa pili, injini ilianza kulegea. Kiswaga alikanyaga mafuta hadi mwisho, lori likazidi kuishiwa nguvu, likatikisika, likazima. Alishuka akafungua kizibo, akachovya kijiti. Dizeli ya kutufikisha ilikuwepo. Akasafisha chujio, akalegeza nati na kutoa hewa kwenye mabomba, akasema ni maji yameingia. Injini ikawaka kwa nguvu, nasi tukafurahi. Lakini kabla ya kuondoka baba alikuwa amelainisha nta viganjani na kuziba tena, safari hii kwa kukaza zaidi. Tukapanda kilima kimoja, na cha pili kikatushinda. Hivyo ndivyo tulivyokwenda asubuhi nzima. Watu waliokuwa wakienda kwa miguu, wenye mizigo ya viazi kichwani, walitupita, wakatusalimu, "Kamwene," nasi tukaitikia tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Sijawahi kumwona baba akiwa hana la kufanya kama siku ile. Alisukuma lori lililojaa magome peke yake, bega kwenye chuma, na lori halikujua kama kuna mtu. Nililia, akaniambia ninyamaze, kisha yeye mwenyewe akageukia msituni.

Jua lilipokuwa utosini, Kiswaga alikivuta kizibo kwa mara nyingine, na safari hii upepo ulikuwa umetulia. Tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu. Akasimama nacho mkononi. "Mzee," alimwambia baba taratibu, "kile kifuniko kilichopotea kilikuwa na kitundu. Dizeli ikitoka, hewa iingie. Sisi tumelikaba koo." Hakuziba tena, alifunika kwa kitambaa tu, na lori likapanda milima iliyobaki likiunguruma. Baba alikuwa akikwangua nta kwenye kucha zake.

Makambako tulikuta uwanja mtupu na majivu ya moto wa kupikia. Mama mmoja aliyeuza uji alitunyooshea kidole upande wa Iringa. "Wameondoka sasa hivi, baba. Vumbi lao si lile?" Baba alimsihi Kiswaga tuwafuate, lakini dizeli ilikuwa ya kufika pale tu, na hapakuwa na pa kuipata siku ile. Basi baba akavua kofia, akasimama katikati ya barabara, akaliambia lile vumbi, "Obedi, mwanangu, nimeliondoa neno langu. Rudi. Radhi yangu unayo." Tuliyasikia mimi, Kiswaga na muuza uji.

Siku hizi barabara ni ya lami. Mjukuu wangu huenda Makambako kupeleka mbao na kurudi kabla chai haijapoa. Mwaka huu aliondoka kwa kununa, amekosana na baba yake. Kabla hajafika stendi simu ilishalia, wakatukanana kidogo, wakacheka, yakaisha. Mimi niliyekuwa nikichambua maharage karibu na baba yake niliinuka nikaingia ndani, asinione. Baba alikufa akimngoja Obedi. Miaka mingi baadaye alikuja mzee mmoja aliyekata mkonge naye Tanga, ameulizia jina la Obedi kijiji kwa kijiji, akatuambia kaka aliugua muda mrefu kabla ya kufa, na wenzake walimwomba awatajie kwao ili wapeleke habari. Aliwakatalia. "Baba yangu hakunipa ruhusa ya kurudi," aliwaambia.