Ulimi wa Kuonja Obambla

Asubuhi ya majibu ya vipimo nilivaa gauni la kanisani. Wifi yangu, dada ya mume wangu, akaniuliza kama tunaenda kliniki Homa Bay au naenda kuolewa mara ya pili. Nikamwambia leo asinichokoze, moyo wangu ni mkubwa, utapasuka kwa furaha kabla hatujafika.

Ulikuwa mzaha, na ulikuwa ukweli pia. Korona ililaza mwili wangu hospitalini na mpira wa oksijeni puani, na iliponiachilia iliniachia moyo uliopanuka na figo zilizochoka. Ziara iliyotangulia, daktari alinieleza waziwazi: figo zikishuka nguvu tena, tunaanza mashine ya kusafisha damu.

Mashine ina siku zake kila wiki, na soko la Migori nalo lina siku zake. Mimi ni mtu wa samaki. Nanunua obambla kisiwani Mfangano, samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, nawauza Migori. Nikifungwa kwenye mashine, biashara imekwenda, na mimi bila biashara hata sijijui ni nani.

Kilichoniudhi ni kwamba nilikuwa nimetii. Chumvi niliifukuza jikoni kabisa, hadi mume wangu akawa anaificha mfukoni kama mtu wa magendo. Bado miguu ilivimba na presha ikapanda. Daktari, binti mdogo tu, akawa ananikazia macho. Nikamwambia aje mwenyewe akague sufuria zangu.

Wifi ndiye aliyenishika. Tulikuwa ufukweni Mfangano tukinunua mzigo. Kila gunia likifunguliwa, mimi navunja kipande cha mkia, naweka ulimini, natulia. Ndivyo tunavyomjua samaki aliyekolea chumvi na yule atakayeoza njiani, na ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Wifi aliniangalia weee, kisha akasema, "Si ulituambia umeacha chumvi?"

"Nimeacha."

"Na hiyo iliyo mdomoni?"

"Hii si kula. Hii ni kazi."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe, nikaketi juu ya gunia. Siku nzima nalamba chumvi, jioni nakula mboga za mgonjwa na kujisifu. Tulicheka mpaka pumzi ikanikatika, na pumzi yangu siku hizi si ya kuchezea. Papo hapo tukapatana: yeye aonje, mimi nikazane na bei. Miguu ikaanza kupungua, viatu vikaniingia tena, nami nikaanza kutamani siku ya majibu kama mtoto anavyongoja Krismasi.

Basi siku hiyo tuliketi kwenye benchi ndani ya chumba cha daktari. Daktari alisoma, akafungua ukurasa mwingine, akasoma tena. Nilitamani nimpokonye zile karatasi.

"Mama, figo hazijashuka," akasema. "Hazitarudi zilivyokuwa kabla ya Korona, na moyo bado ni mkubwa. Dawa utaendelea nazo. Lakini habari ya mashine tumeiweka kando."

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikampigia mume wangu simu. Nikasema tu, "Hakuna mashine," naye akaanza kupiga vigelegele kama mwanamke, tena kwa sauti ya kusikika chumba kizima. Nililia bila aibu.

Daktari mwenyewe alikuwa anatabasamu. Akauliza tumefanyaje. Wifi akamsimulia yote, mikia, magunia na ulimi wangu, akijivuna kabisa. Kisha akajipiga kifua. "Sasa mwonjaji ni mimi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Wewe ulipimwa presha lini, mama?"

"Mimi siumwi."

"Sogea hapa kidogo."

Akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akatazama. Akakifungua, akamfunga mkono wa pili. Wifi alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yake yalishanigeukia mimi.

"Imepanda," daktari akasema. "Imepanda sana."

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, mume wangu akishangilia ndani yake. Nikaikata. Nikasogea kwenye benchi hadi nikamgusa wifi bega, nikamshika ule mkono uliokuwa huru.