Kufuli Lisilo na Shemeji

"Kufuli langu halina shemeji!"

Hayo aliyasema Mwalimu Mwanaidi mwenyewe, kwa kipaza sauti cha kukodi, mbele ya wazazi waliokuja kuandikisha watoto kwenye studio yake ya ngoma pale Nkuhungu. Akaliinua kufuli juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe. "Jumamosi saa tatu kamili nafunga mlango. Awe mtoto wa mkurugenzi, awe mtoto wa muuza nyanya, aliyechelewa amechelewa. Atacheza na ukuta!" Wazazi wakapiga makofi, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba anayesemwa ni jirani yake.

Mimi nilikuwa nyuma nimeshikilia spika isianguke. Ndiyo kazi yangu pale: ngoma nawamba, spika nashika, viti narudisha kwa wenyewe.

Mwanaidi ni binti wa wakulima wa Kondoa. Alikuja Dodoma kufundisha chekechea, akapanga nyumba moja na mama wa Kigogo aliyekuwa anapiga muheme, ngoma ile ambayo wanawake huibana katikati ya mapaja na kuichapa mpaka vumbi liombe msamaha. Akaipenda kuliko Wagogo wenyewe. Akakodi stoo iliyokuwa ya chakula cha kuku, akaipaka rangi ya maziwa, akaanza kufundisha watoto. Siku za joto stoo bado inatukumbusha kuku.

Kanuni zake zilikuwa za kueleweka. Mtoto awe ametimiza miaka sita na anajua kwenda chooni peke yake. Mzazi aje mwenyewe kuandikisha, asimtume dada wa kazi. Ndani watu wanaingia peku, ndala mkononi. Kutafuna bazoka marufuku. Mzazi asikae ndani, maana mzazi akikaa ndani anacheza yeye, kwa shingo na nyusi, mtoto anabaki kumshangaa. Na ile kubwa: anayekosa zoezi la mwisho haendi kwenye onyesho. Hapo hata mimi nilikuwa upande wake. Ngoma ya watoto wengi inaharibiwa na mmoja tu asiyejua ageukie wapi.

Sasa mwaka huu tukapata mwaliko Mtumba, kule mji wa serikali, kwenye sherehe ya wafanyakazi wa ofisi moja huko. Aliyetuombea ni Debora, Mama Brightness, anafanya kazi hukohuko. Ngoma kubwa ya kuongoza alipewa Ruthu, mtoto wa Ulimboka, yule anayeleta samaki, perege, kutoka bwawa la Mtera kwa pikipiki. Ruthu ana miaka tisa na mikono ya mtu mzima. Akichapa, wenzake wanageuka bila kuambiwa.

Jumamosi ya zoezi la mwisho, saa tatu kamili, Mwalimu akafunga kwa ndani. Haikupita robo saa, hodi.

"Nani?"

"Ni sisi, mwalimu. Baba Ruthu. Pikipiki imepata pancha kule barabarani, tumekuja tunaisukuma."

"Pole sana, Baba Ruthu. Ila kanuni unazijua."

"Nazijua, mwalimu."

Basi. Hakubisha. Angebisha, Mwalimu angekuwa na la kumjibu. Tukasikia pikipiki inaegeshwa ukutani, na mtoto anakaa chini. Ngoma kubwa akapewa mwingine ashikeshike tu, zoezi likaanza kwa kuchechemea.

Tulishafika katikati, gari likapiga honi nje, ikafuata sauti ya Mama Brightness.

"Mwalimuuu! Jamani, foleni ya saluni, si unajua tena Jumamosi! Nikasema mwanangu hawezi kwenda Mtumba na kichwa kama fagio."

Mwalimu akanitazama. Mimi nikaitazama ngoma. Akasimama kidogo mbele ya mlango, halafu akautoa ufunguo kifuani, akafungua.

Ruthu alikuwa amelisikia kufuli. Mtoto alijua moja tu, kwamba mlango umefunguka. Akainuka haraka, akakung'uta sketi, akavua ndala akazishika mkononi kama kanuni inavyosema. Brightness akapita na misuko yake inang'aa. Ruthu akainua mguu kuvuka kizingiti. Mwalimu akaweka mkono.

"Wewe Ruthu, subiri kwanza."

Akafunga.

Nani huwa anamwambia mtoto "subiri kwanza" wakati hana la kumwambia baadaye? Watu wazima wote. Ni neno la kufungia mlango. Shida ni kwamba watoto hulichukua kama lilivyo.

Ndani, Mama Brightness aliachiwa akae, maana kanuni zikianza kumwagika haziishii kwenye moja. Akasema, "Mwalimu, na huyu wangu akishika ile ngoma kubwa? Si iko wazi?" Brightness akapewa.

Zoezi lilipokwisha tukafungua. Kivuli cha ukuta kilishahama. Ruthu alikuwa palepale kwenye kizingiti, juani, ndala mkononi.

"Nilimwambia twende," Ulimboka akasema, kama anaomba radhi yeye. "Akasema mwalimu kasema asubiri."

"Shikamoo, mwalimu," Ruthu akasema. "Niingie sasa?"

"Marahaba," Mwalimu akajibu. Kisha akainama kuokota njuga zilizoanguka.

Kesho yake alikwenda kwa Ulimboka na kilo mbili za sukari. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alikuta wanakula, akakaribishwa, akanawa. Akasema amekosa, akasema Jumatano, kwenye onyesho la Mtumba, Ruthu atakaa kwenye ngoma yake. Ulimboka akamwambia, "Usijisumbue, mwalimu. Kanuni ni kanuni." Wakati anaondoka wakamfungia perege wanne kwenye gazeti. Ukienda kuomba radhi ukarudi na samaki, ujue umezidi kudaiwa.

Jioni akampigia Mama Brightness. Nilikuwepo, nawamba ngoma iliyopasuka.

"Mwalimu mwaya, mimi nimeshamwambia bosi kwamba anayeongoza ni mwanangu. Unataka nikaonekane muongo? Na mwaliko huo nani aliuomba?"

Nikangoja kusikia lile la kufuli na shemeji.

"Sawa, Mama Brightness," Mwalimu akasema. "Hamna neno."

Akamwandikia Ulimboka ujumbe: *Baba Ruthu, safari hii nafasi imejaa.* Simu ikalia papo hapo: *Asante kwa taarifa mwalimu.* Akaifunika simu kifudifudi, kama vile Ulimboka angeweza kumwona humo.

Mtumba tulikwenda. Brightness alipoteza mapigo mara ya kwanza, akapoteza tena, watoto wakageukiana wakagongana vichwa. Wageni walipiga makofi na kurekodi. Wageni hupigia makofi chochote chenye njuga. Tukarudi, Mwalimu kakaa siti ya mbele garini, boksi la pilau mapajani halijafunguliwa. Tulipofika akalitoa kufuli mlangoni, akalitupa kwenye kopo la njuga mbovu.

Siku hizi mlango uko wazi. Watoto wanaingia wanapojisikia, na juzi mbuzi wa jirani alihudhuria nusu ya zoezi. Mwalimu hapigi kelele. Mzazi akimkumbusha kwa utani, "Vipi, kufuli limepata shemeji?", anacheka kidogo, anageukia ukuta kutafuta kitu ambacho hakipo.

Ruthu alirudi. Anawahi kuliko wote, na ngoma kubwa ni yake tena. Ila akifika kizingitini anavua ndala, anazishika mkononi, anasimama. Mlango wazi, wenzake wanampita. Yeye amesimama, mpaka Mwalimu aseme.

"Ingia, mwanangu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Kila Jumamosi ni hivyo. Na kila Jumamosi Mwalimu anasema akiwa ameangalia chini.

Nilimuuliza kama naweza kwenda kuliuza lile kufuli, maana ni zima kabisa. Akalichukua kopo la njuga, akalisogeza mbali nami. Jipya kama lile, soko la Majengo, ni shilingi elfu kumi na mbili.