Mate ya Mzee Wangu Yamemuumbua

Mzee wangu katema mate kwenye kichupa, na leo mate yamemuumbua mbele za watu.

Huyu ndiye aliyemkataa mchumba wangu Hamisi kwa sababu kwao ni wakimbizi wa Burundi na amekulia kambini.

"Sisi watu wa Ujiji tuna damu ya Uarabuni. Tunaoana ndugu kwa ndugu."

Na kweli, mama yangu ni binti wa shangazi yake.

Basi kaka yangu aliyeko Ulaya akamtumia kipimo cha DNA cha kupimia nyumbani. Mzee alikipokea kama anavishwa kilemba cha usultani!

Majibu yameingia kwenye simu yangu mchana huu. Kaniamuru niyasome kwa sauti barazani. Majirani kawaita mwenyewe, eti waje wasikie, waache kumbishia Uarabu wake.

Uarabuni: hata tone hakuna.
Burundi: tele.

Chini yake wametaja ndugu zake wa damu waliokwisha kupima. Wa kwanza ni dada yake Hamisi, yule aliyetolewa kambini akapelekwa Kanada.

Wallahi, hata kahawa ilikosa mnywaji.

Mzee kakohoa, kapata pa kutokea: "Ndiyo basi tena. Kumbe kijana ni ndugu yako. Utaolewaje na ndugu?"

Mama akaweka kikombe chini taratibu.
"Baba Zuhura, kwani mimi ulinioa nikiwa nani yako?"

Sasa nisaidieni. Hamisi atafute wazee wa kuleta posa, au amtume huyuhuyu mzee wangu, maana ni mzee wa kwao?